Neno "bill" la Kiingereza: lini ni muswada, lini ni bili, lini ni noti, lini ni hati?

Mfasiri wa Makorora:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa neno moja tu, "bill". Kamusi inanipangia maana zote kwenye mstari mmoja: muswada, bili, ankara, hati, noti, mdomo wa ndege. Hainiambii nichague ipi na kwa sababu gani. Sentensi ninazotakiwa kuzifasiri ni hizi:

1. "The bill was read a second time and committed."
2. "She paid the bill with a fifty-dollar bill."
3. "The goods will be released against the original bill of lading."
4. "The contractor shall price every item in the bill."
5. "Investors bought 364-day bills."
6. "The Bill of Rights binds all State organs."
7. "Post no bills."

Zaidi ya majibu ya hizi saba, naomba njia ya kuamua, ili nikikutana na ya nane nisirudi kuuliza.

Mwalimu wa Sarufi:

Ndugu, anza kwa kujua kwamba huna neno moja hapo. Una maneno matatu yaliyofanana sura kwa bahati tu, na kamusi nzuri za Kiingereza huyaweka kwenye vidahizo tofauti, yaani kila moja na ingizo lake. La kwanza lina maana ya karatasi iliyoandikwa. Linatokana na Kilatini "bulla", yaani muhuri uliobandikwa kwenye hati. La pili ni mdomo wa ndege, na la tatu ni chombo cha kukatia matawi chenye ncha iliyopinda. Hayo mawili ni ya Kiingereza cha kale na hayahusiani na karatasi.

Ukilijua hilo, mzigo unapungua. Muswada, bili, noti, hati na tangazo la ukutani zote ni tawi la kwanza, zote ni karatasi iliyoandikwa jambo rasmi. Swali la kujiuliza ni hili: karatasi hiyo imetolewa na nani, na inamtaka msomaji afanye nini? Ya mbunge inataka kura, ya mwenye duka inataka pesa. Ya benki kuu ndiyo pesa yenyewe, na ya nahodha inathibitisha mzigo umepakiwa.

Halafu tazama maneno yanayoongozana nalo. Ukiona "introduce", "amend", "reject", "veto" au "sponsor", huo ni muswada. Ukiona "settle", "split", "run up" au "owe", ni bili. Ukiona "crumpled", "counterfeit" au "a wad of", ni noti. Likifuatwa na "of" na nomino nyingine, karibu kila mara ni hati au orodha. Likitanguliwa na "post" au "stick", ni tangazo.

Kuna mahali alama hizo hazitoshi, na hapo ndipo wengi huanguka: pale "bill" inapotanguliwa na jina la jambo. "Energy bill" ni muswada wa nishati au ni bili ya umeme? "Tax bill" ni muswada wa kodi au ni kodi unayodaiwa? Jibu liko kwa mtenda. "The Senate delayed the energy bill": Seneti haicheleweshi bili ya mtu, basi ni muswada wa nishati. "Families face higher energy bills": familia hazikabiliwi na miswada iliyo juu zaidi, basi ni gharama za umeme na gesi. "The reform will cut your tax bill": umeona "your", basi ni kodi unayolipa wewe. Kiwakilishi cha umiliki cha mtu wa kawaida, "my", "your", "our", huelekeza kwenye bili karibu mara zote. Isipokuwa msemaji akiwa mbunge anayeuzungumzia muswada wake.

Na ngeli usizisahau, maana neno likibadilika sentensi nzima inabadilika. Muswada umepita, miswada imepita. Bili imekuja, bili zimekuja. Noti imechakaa, noti zimechakaa. Tangazo limebandikwa, matangazo yamebandikwa. Ukimkuta mtu kaandika "bili umepitishwa", alibadilisha nomino mwishoni akasahau kitenzi.

Wakili wa Kijitonyama:

Niongezee upande wa Bunge, kwa sababu sentensi namba 1 ina mtego kwenye "committed" kuliko kwenye "bill".

Kwa Tanzania, muswada husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina tu, kisha unakwenda kwenye kamati ya kudumu ya Bunge inayohusika, ambako wadau hutoa maoni. Unasomwa mara ya pili na kujadiliwa, halafu Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia ibara kwa ibara. Mwisho unasomwa mara ya tatu, kisha unapelekwa kwa Rais. Kwa hiyo "read a second time and committed" kwa Bunge letu ni: "Muswada ulisomwa mara ya pili na kupelekwa kwenye Kamati ya Bunge Zima." Kama nyaraka yako ni ya Uingereza, hatua hiyo mara nyingi humaanisha kamati ndogo iliyoundwa kwa ajili ya muswada huo mmoja. Usiandike "Bunge Zima" kabla hujajua ni bunge la nchi gani.

Neno "table" nalo lichunge. Uingereza, na kwetu pia, "to table a bill" ni kuuwasilisha mezani. Marekani ni kinyume chake, ni kuuweka kando usijadiliwe. Maneno yale yale, matokeo yanayopingana. Kwanza angalia nyaraka imetoka wapi.

Jambo linaloniuma zaidi ni watu kuchanganya muswada na sheria. Muswada ni pendekezo. Haumfungi mtu yeyote mpaka uwe sheria kwa utaratibu wa katiba, ambao mara nyingi huhitaji kibali cha mkuu wa nchi. Tanzania utaratibu huo uko Ibara ya 97. Rais akikataa anaurudisha Bungeni pamoja na sababu, na Bunge likitaka kuupeleka tena kabla ya miezi sita linahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukipelekwa hivyo, Rais ana siku 21 za kukubali, la sivyo avunje Bunge. Hata istilahi za ndani hutofautiana: kipande cha muswada ni ibara, kipande cha sheria iliyokwisha kutungwa ni kifungu. Kwa hiyo "clause 5 of the Bill" ni ibara ya 5 ya Muswada, na "section 5 of the Act" ni kifungu cha 5 cha Sheria. Ukichanganya hapo, msomaji anayejua atadhani sheria imeshapita.

Upande wa pili kuna karatasi zinazoitwa "bill" ilhali zimekwisha kuwa sheria zamani. "Bill of Rights" ya Uingereza ya 1689 ni sheria. Ile ya Marekani ni marekebisho 10 ya kwanza ya katiba yao, yaliyoridhiwa Desemba 15, 1791. "GI Bill" ya Marekani ni jina la mtaani la sheria ya 1944 iliyowapa askari waliotoka vitani masomo na mikopo ya nyumba. Ukiandika "Muswada wa Haki" umewaambia wasomaji kwamba haki zao bado zinajadiliwa. Andika "Hati ya Haki". Kama katiba husika ina toleo la Kiswahili, fungua sura hiyo ufuate jina walilolitumia humo. Kwetu Tanzania haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba kwa marekebisho ya 1984 na ziko kuanzia Ibara ya 12. Ni sehemu ya Katiba yenyewe, muswada umeshakwisha kazi.

Nyali Barabarani:

Shukrani, wakili. Kwa wasomaji wa Kenya nitie neno. Sisi huandika "mswada", bila u ya katikati, wingi "miswada". Ukifasiria gazeti la Nairobi fuata hivyo, ukifasiria la Dar fuata "muswada". Usichanganye ndani ya kazi moja.

Mfano wa tofauti ya mswada na sheria tulioushuhudia sote ni Mswada wa Fedha wa 2024. Bunge la Taifa liliupitisha Juni 25, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hautii saini. Aliurudisha akipendekeza vipengele vyake vyote vifutwe. Haukuwa sheria hata siku moja. Ukikuta maandishi ya Kiingereza yanasema "Finance Bill 2024", basi "Sheria ya Fedha ya 2024" ni kosa la ukweli, hata kama Kiswahili chake ni safi. Na "Finance Act 2023" ni Sheria ya Fedha ya 2023, hiyo ilipita. Neno moja, "Bill" au "Act", linabeba historia nzima.

Upande wa nyumbani: kwetu ni bili ya stima na bili ya maji. "Ankara" tunaielewa, ila inasikika ya ofisini zaidi.

Mfasiri wa Makorora:

Asanteni sana. Hapo nimepata mwanga. Nyali kagusa jambo ninalotaka kuliuliza: bili, ankara, risiti na stakabadhi. Fomu moja ya benki ya nje inadai "a utility bill not older than three months". Mteja anauliza kama risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, inatosha.

Mhasibu wa Kariakoo:

Bili na ankara hutangulia malipo, risiti na stakabadhi hufuata malipo. Huo ndio mpaka, usiuvuke. Ankara huandikwa na muuzaji kwa mnunuzi, ina namba, tarehe, orodha ya bidhaa, bei na kodi. Bili ni neno la kila siku kwa maji, umeme, simu, hoteli, hospitali. "Invoice" fasiri ankara siku zote. "Bill" iache iwe bili, isipokuwa nyaraka ni ya biashara kati ya kampuni na kampuni.

Kuhusu fomu: "utility bill" hapo haitafutwi kwa sababu ya deni. Inatafutwa kwa sababu ina jina na anwani ya mtu, ni uthibitisho wa makazi. Umeme wa LUKU unalipiwa kabla, kwa hiyo hakuna bili ya mwezi, kuna risiti yenye tarakimu za kuingiza kwenye mita. Mwambie mteja atafute bili ya maji yenye jina lake, na kama hana aiulize benki inakubali nini badala yake. Katika tafsiri andika wazi: "bili ya maji, umeme au simu yenye jina na anwani yako, iliyotolewa ndani ya miezi mitatu iliyopita". Ukiandika "bili ya huduma" peke yake, hakuna atakayejua alete nini.

Sentensi namba 2 ni ya Marekani, ndiko noti huitwa "bill". London wangesema "note", kama tunavyosema sisi. Lakini Mmarekani naye bili ya mgahawa kwa kawaida huiita "check", na hilo hilo "check" benki ni hundi. Kwa hiyo "I left a twenty-dollar bill on the check" si "niliacha bili juu ya hundi". Ni "niliweka noti ya dola 20 juu ya bili".

Namba 5 sasa. Hizo ni dhamana za serikali za muda mfupi. Mtu asikuambie uandike hatifungani, hatifungani ni zile za miaka na zinalipa riba kila nusu mwaka. Za muda mfupi hazilipi riba njiani. Unanunua kwa bei pungufu, siku ikifika unalipwa thamani kamili, tofauti ndiyo faida. Tanzania muda wake ni siku 35, 91, 182 na 364. Kenya ni 91, 182 na 364. Hesabu yake: gawanya thamani kamili kwa moja jumlisha kiwango cha faida mara siku gawanya kwa 365. Tuseme thamani ni shilingi 1,000,000, siku 364, kiwango asilimia 10. Asilimia 10 mara 364 gawanya 365 ni 0.0997. Ukigawanya milioni kwa 1.0997 unapata takriban 909,300. Hiyo ndiyo bei ya kununulia, na faida ni kama 90,700. Ukifasiri "discount" hapo kama "punguzo la bei" msomaji atadhani serikali inafanya ofa. Andika "huuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani yake kamili".

Nikiwa hapo hapo: ukikutana na "bill of exchange", hiyo ni amri ya maandishi isiyo na masharti, mtu mmoja akimwagiza mwingine alipe kiasi fulani kwa mtu fulani, papo hapo au tarehe itakayojulikana. Kisheria hundi ya benki ni aina mojawapo. Neno letu "hundi" lenyewe lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, na huko kwao hundi ilikuwa hati ya namna hii hii kabla benki hazijaenea. Leo "hundi" imebaki na maana ya ile ya benki tu, kwa hiyo hati pana ninaiita "hati ya kuamuru malipo" nikaeleza mara moja mwanzoni.

Wakala wa Kurasini:

Namba 3 ni ya kwetu. Bandarini kila mtu anasema "bii-eli", lakini kwenye maandishi ni hati ya shehena. Kosa linaloleta hasara ni kuiita "bili ya mzigo". Mwenye mzigo anasoma anadhani anadaiwa, anauliza alipe wapi, huku siku za kuhifadhi kontena zinahesabika na tozo zinapanda. Hati hii haidai pesa. Ina kazi tatu: ni stakabadhi kwamba meli imepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ni hati ya umiliki. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu. Ikitumika moja kuchukulia mzigo, zilizobaki hazina nguvu tena.

Maneno yake ya ndani: "to order" maana yake hati inaweza kuhamishwa kwa mtu mwingine kwa kusainiwa nyuma. "Clean bill" si hati isiyo na uchafu, ni hati ambayo nahodha hakuandika kasoro yoyote ya mzigo, mfano magunia yaliyochanika au katoni zilizolowa. Ninaandika "hati isiyo na dosari". "Freight prepaid" nauli ya mzigo imelipwa kule ulikotoka, "freight collect" italipwa huku. Usiichanganye na "manifest", hiyo ni orodha ya shehena yote iliyomo melini. Wala na "air waybill" ya ndege: ile ni stakabadhi na ushahidi wa mkataba, lakini umiliki hauhami kwa kuikabidhi.

Mkadiriaji Majenzi:

Namba 4 kwa ufupi. Hapo "bill" ni kifupi cha "bill of quantities", site wanaita BOQ. Ni mchanganuo wa kazi na vipimo: safu ya namba, maelezo ya kazi, kipimo, kiasi, bei ya kila kipimo kimoja, na jumla. Zege hupimwa kwa mita za ujazo, lipu kwa mita za mraba, nondo kwa kilo, milango kwa idadi. "Price" hapo ni kitenzi, kujaza bei. Na ukikuta "Bill No. 2: Substructure" ndani ya hati hiyo hiyo, "bill" imegeuka kuwa sehemu ya hati: "Sehemu ya 2: Kazi za Msingi".

Fasiri kwa makini panapozungumziwa kipengele kisichojazwa bei. Nyaraka nyingi za zabuni husema mkandarasi hatalipwa kwa hicho, itahesabika gharama yake imo kwenye bei nyingine. Mtu akiandika "kitaachwa", mkandarasi ataelewa hatakiwi kuifanya kazi hiyo.

Mfasiri wa Makorora:

Nimeandika hivi, naomba mnikosoe:

1. Muswada ulisomwa mara ya pili na kupelekwa kwenye Kamati ya Bunge Zima. (Nyaraka ni ya Dodoma.)
2. Alilipia bili kwa noti ya dola 50.
3. Mzigo utatolewa dhidi ya hati halisi ya shehena.
4. Mkandarasi atajaza bei ya kila kipengele kilichomo kwenye mchanganuo wa kazi na vipimo.
5. Wawekezaji walinunua dhamana za serikali za muda mfupi za siku 364.
6. Hati ya Haki inavifunga vyombo vyote vya Dola.
7. Usibandike matangazo.

Na kuna mbili zilizoingia leo: "the doctor gave him a clean bill of health" na "the hornbill's bill".

Mwalimu wa Sarufi:

Vizuri sana. Namba 4 andika "atatakiwa kujaza bei", maana "shall" ya mkataba ni sharti. Namba 7 ukutani inakaa vizuri zaidi "Ni marufuku kubandika matangazo", ndivyo watu walivyozoea kuisoma.

"Clean bill of health" ilikuwa karatasi ya meli, cheti kwamba bandari ilikotoka haina ugonjwa wa kuambukiza. Leo ni msemo tu: "daktari alimpima akathibitisha kuwa ni mzima". Misemo mingine ya "bill" ifasiri kwa maana yake: "foot the bill" ni kubeba gharama, "fit the bill" ni kufaa kwa kazi iliyokusudiwa. "Hornbill" ni hondohondo, na "bill" yake ni mdomo. Andika "mdomo wa hondohondo", basi.

Wakala wa Kurasini:

Namba 3 ondoa "dhidi ya". Hakuna anayepigana na hati. "Against" hapo ni kubadilishana: unatoa hati, unapewa mzigo. Andika: "Mzigo utatolewa baada ya hati halisi ya shehena kukabidhiwa." Na kwenye barua inayomwendea mteja ongeza "kwa wakala wa meli", ili ajue anaipeleka kwa nani.